Goti la Baba Mkwe

Mjukuu wangu Yusufu,

Shikamoo yako ya juzi kwenye simu niliipokea. Marahaba tena, baba. Hapa Kilangali hatujambo. Mama yako anavuna mpunga, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Uliniuliza kwa nini sisi wazee tunawaficha madaktari ugonjwa, maana ndilo swali mlilopewa kwenye hayo mafunzo yenu ya kutibu wazee. Nilicheka tu. Jibu langu ni hili.

Nilipokuwa nimeoa karibuni, nilimpeleka baba mkwe hospitali, Kilosa. Njia nzima hakutulia kwenye kiti. Daktari akamuuliza anaumwa nini.

"Goti," akasema.

Daktari akalibonyeza goti, kisha akanitazama mimi. "Huyu mwanao, mzee?"

"Mkwe wangu."

Basi daktari akaniomba nikasubiri nje. Nikasubiri sana. Mzee akalazwa, na habari ya goti ikaishia hapo. Ugonjwa wenyewe nilikuja kuusikia kwa bibi yako: mkojo ulikuwa umeziba. Sasa angeutajaje mbele ya mkwe? Daktari yule hakumgombeza wala hakumwita mwongo. Alinitoa nje tu.

Juzi nilikwambia goti linanisumbua. Lakini simu ilikuwa kwenye spika, kwa kuwa sisikii vizuri, na aliyeishika ni mama yako, mkwe wangu.

Goti langu ni zima, Yusufu. Njoo, tukae wawili tu.

Babu yako