Mulamula wa Japani

Alhamisi

Na bado nasema hoja yangu ilikuwa bora kuliko zote.

Leo klabu yetu ya mambo ya dunia ilikuwa inachagua wanne wa kwenda kwenye mdahalo Kyerwa, na mimi nilishawatangazia Nyaishozi nzima kwamba naenda. Kila mtu alipewa nchi ya kuwakilisha. Mimi Japani. Madamu akauliza: nchi mbili zikigombania mpaka, mtazisaidiaje?

Wenzangu wakaleta vikao na mikataba. Nikasimama, nikakohoa kama mheshimiwa.

"Zipande mulamula! Huku kwetu migomba yako na ya jirani inatenganishwa na mti huo, na mtu akiung'oa, kijiji kizima kinamjia juu. Sisi Japani tumeupanda pande zote, hatuna kesi na jirani yeyote."

Editha, yule aliyepewa Brazili na kujiona Brazili kweli, akaniita kwenye ramani ubaoni. "Mheshimiwa, hebu tuonyeshe huo mulamula."

Nikatazama. Japani imezungukwa na bahari tupu.

"Tumeupanda... majini."

Darasa likalipuka. Madamu alicheka mpaka akavua miwani. Nikajua safari imekufa. Sura yangu nitaificha wapi hapa Nyaishozi?

Lakini Madamu akasema wazo la mulamula limempendeza, niende, ila Editha anifundishe ramani kwanza.

Editha amekubali kwa sharti moja: kila kipindi nianze kwa kumwamkia shikamoo. Na ni mdogo kwangu kwa miaka miwili!

Nimeshafanya mazoezi mara tatu mbele ya kioo. Inatoka kwa shida, lakini inatoka.