Ahadi ya Injini

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti likiwa na nafuu, na kwamba mama amekubali kuivaa ile miwani badala ya kuitunza kabatini kama vyombo vya wageni. Mimi ni mzima kabisa, nakula na kulala vizuri. Naomba uyashike hayo maneno, mzima kabisa, mpaka mwisho wa barua.

Nianze na masomo, maana najua salamu huwa unaziruka. Nimemaliza ndege za wanafunzi wapya, nimehamia kwenye ile yenye injini kubwa na magurudumu yanayokunjwa tumboni. Nayo ni ndogo, viti vinne tu, lakini ina mbio na haina subira. Wiki nzima tulikuwa na zoezi moja: kutua bila nguvu ya injini. Ukiwa angani, sambamba na uwanja, unarudisha wenzo wa mafuta nyuma kabisa, sawa na wewe unapoondoa mguu kwenye pedali ya lori mteremkoni. Kisha unageuka nusu duara na kuiteremsha ndege mpaka kwenye mstari mweupe, bila kuongeza chochote. Ndege za mwanzo zilikuwa zinaelea. Hii inashuka kama kabati lililosukumwa kutoka ghorofani. Ukichelewa kugeuka huufikii uwanja, ukiwahi mno unaupita.

Mwalimu wangu tunamwita Bwana Bado. Magurudumu yakishashuka yanaivuta ndege nyuma, inazidi kuporomoka, kwa hiyo hayashushwi mpaka uwe na uhakika wa kufika. Kila nikipeleka mkono kwenye swichi yake, anasema bado. Nyasi za uwanja zimeshaonekana moja moja, yeye bado. Kisha anasema sasa, na ukizubaa hapo utatua kwa tumbo. Ana mchezo wake mwingine pia: anaweka kofia juu ya wenzo wa mafuta, anaanza kusimulia habari za kuku wake, na chini ya kofia anapunguza moto bila kukuaga. Siku nyingine ananiachia nipunguze mwenyewe, mkono wangu ukiwa chini ya kofia hiyo hiyo. Ukimuuliza kwa nini, anasema injini haitakuaga pia.

Baba, uliponiruhusu kusomea kazi hii ulinipa sharti moja, tukiwa wawili tu sebuleni. Ulisema siku injini itakapozimika kweli angani, nikishuka salama, nisipande tena. Niliahidi papo hapo, maana siku ile ningeahidi chochote. Tangu hapo kila ukipiga simu unaulizia hali ya injini kwanza, ndipo unaulizia yangu.

Sasa nikueleze ya Jumatano. Tulipofika sambamba na uwanja, sauti ya injini ikaanguka. Kofia ilikuwa mahali pake, na Bwana Bado alikuwa katikati ya habari za jogoo mgonjwa. Nikasema moyoni, mzee kaanza mambo yake, na sikutaka kumpa raha ya kuniona nimeshtuka. Nikashusha pua kulinda mwendo, nikageuka. Propela ilikuwa inazungushwa na upepo, kwa hiyo sikutilia shaka lolote. Nikapeleka mkono kwenye swichi ya magurudumu, akasema bado. Baadaye akasema sasa. Tukagusa mstari wenyewe. Sijawahi kutua vizuri vile, na yeye ambaye kwa kawaida husifu kwa kunyamaza akasema safi.

Ndege ilipopunguza mwendo, nikaingiza mkono chini ya kofia nisukume wenzo tuondoke njiani. Ulikuwa pale pale nilipouacha angani, haujarudishwa hata kidogo. Mbele yetu propela ikajizungusha kivivu, ikasimama.

Nikamuuliza, "Mwalimu, leo injini umeizimia wapi?"

Akaiondoa kofia, akautazama wenzo, akanitazama mimi. Akasema, "Mimi sijagusa. Nilidhani umezima wewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, baba. Injini ilizimika kweli, na sisi wawili tukashuka nayo kila mmoja akimdhania mwenzake. Tuliisukuma ndege kwa mikono mpaka karakana. Fundi alifungua akakuta pampu ya mafuta imekatika kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Woga ulinijia nikiwa chini. Nilienda chooni nikalia mpaka nikachoka. Bwana Bado alinishauri nisiandike neno nyumbani. Mama yake mwenyewe, alisema, mpaka leo anaamini mwanawe anafundisha ubaoni.

Mimi siwezi. Ndege imeshatengenezwa na mtihani wangu umekaribia, lakini tangu Jumatano sijapanda, na sitapanda mpaka unijibu. Ukisema nirudi nyumbani, nitarudi, ingawa itaniuma sana. Ila nakuomba uniachilie ahadi ile. Ulichokuwa unakiogopa kimekuja, kikanikuta najua la kufanya.

Unakumbuka breki za lori zilipokatika mteremkoni, ukaliegemeza kwenye lundo la mchanga? Mama alikuomba uache kazi. Nilikuwa nyuma ya mlango, nilikusikia ukimwambia kwamba sasa ndiyo umelijua lori. Asubuhi uliondoka. Kwa hiyo kabla hujaniandikia, naomba uende jikoni umuulize mama, aliyelia siku ile kuliko sisi sote, kwa nini asubuhi alikupigia shati lako pasi.

Msalimie sana, na mwambie miwani ni ya machoni. Jirani mwenye redio naye umpe salamu zangu.

Ni mimi mwanao, niliyekua nikilala juu ya mzigo wa lori lako, ninayekungoja huku chini,

Turubai