Plazma Iliyoganda Bila Ruhusa Yako

Nyaga ndugu yangu, mkorogaji mkuu wa Gachoka,

Joto la huko linaendeleaje? Hapa Meru nimevaa sweta mbili chini ya koti la maabara na bado chai inapoa kabla sijaimaliza.

Kazi iliyonileta ungeipenda. Plazma, yale maji ya manjano ya damu ya watu waliojitolea, imemulikwa kwa taa maalum ili vijidudu vife. Sasa tunapima kama bado inaweza kuganda vizuri. Unaipasha joto, unatia dawa, unainamisha kichupa polepole na kungoja.

Nilikumbuka ile Krismasi ulipopewa karai la damu ya mbuzi ukoroge isigande, tupate mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu. Ukaacha kukoroga ukapokea simu. Damu ikawa kama maini, Mama akakukimbiza na mwiko. Hapa ungepandishwa cheo!

Leo kichupa kilikawia, tukakiinamia wote. Kisha nyuzi nyeupe zikaanza kushikana, na mwenzangu Kawira akapiga kelele, "Imeshika! Jameni, imeshika!" Nilicheka, halafu machozi yakanitoka. Akilini nilikuwa nimemwona mkeo Wanja siku ile alipojifungua, damu haikomi, na wewe umesimama mlangoni mwa wodi umeshika kiatu chake kimoja.

Msalimie, na hilo tumbo jipya pia. Mpikie uji, usimwachie kuni. Krismasi hii zima simu ukoroge. Kugandisha niachie mimi.

Dada yako akupendaye hivyo hivyo,
Muthoni