Kuku wa Arobaini Yako

Mama Zuhura, mwenzangu,

Sijui huko mliko mnaamkianaje, kwa hiyo nakusalimia kama tulivyozoea pale kwenye ua: umeamkaje, na mdomo wako umeamkaje? Mimi mzima. Goti linalalamika kwa mvua hizi za elinino, lakini mdomo wangu unaujua, haujawahi kuugua hata siku moja.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mimi wa darasa la nne. Leokadia alitaka kunisaidia, nikamwambia, "Niache, huyu ni mtu wangu, na tena habari yenyewe inakuhusu wewe, utaona haya bure." Maana nimekuja kujisifu, Mama Zuhura. Jiandae. Safari hii hakuna wa kunikata maneno, na hilo ndilo linaloniuma. Kujisifu bila wewe wa kunibishia ni kama kula wali mkavu.

Unakumbuka ulivyonicheka Leokadia alipokwenda chuo cha wanyamapori? "Kusomea ndege! Kwani ndege wana siri gani? Akimaliza atapewa cheo gani, Bibi Kunguru?" Ukacheka mpaka kanga ikakudondoka. Mimi nikakwambia ngoja. Sasa sikiliza Bibi Kunguru alichofanya hapo uani kwako.

Baada tu ya arobaini yako kuku walianza kufa. Kideri, kile kile tunachokijua tangu utoto, wanashusha mbawa, shingo inapinda, wanaharisha kijani, asubuhi unaokota mizoga. Kuku wako waliisha wote. Hata yule jogoo mwekundu aliyekuwa anakuja kuwika dirishani kwangu makusudi, kama vile umemtuma. Nilimlilia, nakwambia. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia mjomba wangu.

Siku hizo hizo redio ikatangaza kwamba huko Hong Kong kuna mafua ya kuku yanaua hadi watu. Basi! Watu wakaunganisha. Ugonjwa wa ng'ambo analeta nani? Anayeruka. Na hapa kitongojini aliyejaa na anaruka ni nani? Yangeyange wa msufi wako. Mwaka huu kila tawi lina kiota, mti mzima mweupe, makinda yanapiga kelele kuliko watoto wa chekechea. Kikao kikakaliwa. Mwenyekiti wa kitongoji akasema msufi ukatwe na viota vyake vyote. Na aliyekubali wa kwanza ni mumeo.

Usimkasirikie. Shemeji tangu uondoke alikuwa anawamwagia kuku wako pumba kila asubuhi, na kuwaita kwa ile sauti yako ya puani. Nilikuwa namsikia nikiwa kitandani, kwa dakika moja nasahau kwamba wewe... Basi. Walipokufa akawa hana wa kumwita. Aliniambia, "Mama Leokadia, ndege hawa wameniulia kuku wa mke wangu. Mti huu nitauangusha mwenyewe." Akakaa kibarazani ananoa shoka.

Leokadia alikuwa amekuja likizo. Alipowaona makinda juu ya mti na shoka chini, uso wake ukabadilika. Hakugombana na mtu. Alianza kupita nyumba hadi nyumba kuuliza kuku wa nani alianza kufa, na kabla ya hapo alitoka wapi. Mimi nikamfuata nyuma kumtambulisha. "Huyu ni binti yangu, amesomea ndege." Hata kwa mkunga aliyempokea siku anazaliwa nilimtambulisha. Ananifinya, mimi naendelea.

Tukafika kwa Mama Masanja, yule jirani yako Msukuma ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya tawi kubwa la msufi. Mwenzangu, kuku wake wamemwagiwa mavi ya yangeyange mpaka weusi wamekuwa weupe. Na wote wazima! Wanapekua, wanataga, wanatuangalia kwa dharau. Mama Masanja akasimama mlangoni amekunja uso: "Kama mmekuja kuniita mchawi, semeni haraka, nina mboga jikoni." Leokadia akamuuliza siku ya arobaini alikuwa wapi. "Chita, kwa kaka yangu. Hata pilau sikuonja. Wala kuku wa kufungashiwa sikupata, wenzangu mligawana."

Hapo mwanangu akanigeukia. Na mimi nikanyamaza, nawe unajua hilo si jambo dogo.

Kwa sababu nilikuwepo jikoni siku ile. Watu walikupenda, Mama Zuhura. Kila mtu alikuja na kuku. Ndugu wa ng'ambo ya mto walishuka kwenye pantoni pale Kivukoni na kuku wananing'inia miguu juu, na baadhi walikuwa wanasinzia, mbawa chini. Akina mama wakasema, hawa wamechoka na safari, tuanze nao. Wakachinjwa, utumbo na manyoya vikatupwa palepale uani, kuku wako wakaja kupekua. Waliobaki hai tukapeana kila mtu abebe wake, maana wewe hukuwahi kumwacha mgeni wako aondoke mikono mitupu. Kila nyumba iliyobeba, kideri kiliifuata. Mama Masanja hakubeba. Ndege wa watu walikuwa wanalea watoto wao tu huko juu.

Nikataka kukimbia kwa mwenyekiti nikatangaze. Leokadia akanishika mkono. "Mama, yule mzee amefiwa. Utamwambia mbele ya watu kwamba ugonjwa umetoka kwenye msiba wa mke wake?" Akaenda kumwona peke yake. Yaani, mimi nilikuwa nyuma ya ua, ulitegemea niwe wapi?

Shemeji alikuwa ameshavua shati, na vijana wenye kamba wanakuja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sogea, mti utakuangukia."

Hakusogea. Akachuchumaa kwenye mizizi, akamweleza polepole jinsi ugonjwa ulivyofuata kuku waliogawanywa siku ya arobaini, bila kumtaja aliyeleta kuku mgonjwa. Kwamba hiki ni kideri chetu, yale mafua ya redioni ni mengine. Kwamba yangeyange wanakula panzi na vyura kwenye mpunga, hawana shida na banda la mtu. Akasema hata ile mizoga tunayoitupa kwenye matete ya mto inaweza kuwapelekea ndege wa porini ugonjwa wetu. "Kwa hiyo, baba, wao ndio wenye haki ya kutuogopa sisi."

Shemeji akainama. Nikasema moyoni, ee Mungu, mwanangu amemmaliza mzee. Mara mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa analia, ndiyo, lakini alikuwa anacheka pia, machozi yanaingia kwenye ndevu. "Huyu mwanamke," akasema. "Huyu mwanamke hata kafa bado anagawa kuku!"

Nikacheka nyuma ya ua mpaka nikajulikana nipo.

Vijana walipofika akawaambia warudi na majembe. Wakachimba shimo refu, mizoga yote ikachomwa na kufukiwa, hata ile ya kule matetini Leokadia aliwapeleka wakaiokote. Kikao kikakaliwa tena, na mwenyekiti akamwita mwanangu "mtaalamu wetu". Mtaalamu! Umesikia? Nilimwomba arudie, nikasema sikusikia vizuri. Chanjo ya kuku imeagizwa mjini. Makinda ya yangeyange yamekwisha kuruka, asubuhi yanatembea kwenye mpunga wangu kama wakaguzi. Na Mama Masanja amempa shemeji mtetea mmoja, bado ana madoa meupe ya yangeyange mgongoni. Ndiye anayeitwa sasa kwa sauti yako.

Ila hitma yako ya mwaka itafika. Leokadia anasema wageni waombwe wasije na kuku hai, walete mchele au samaki. Watanuna, unawajua. Kumkatalia mtu kuku wake ni kama kumfukuza mlangoni. Yeye atawaelimisha kwa upole, ndivyo alivyofundishwa. Mimi nakuahidi nitamtangulia. Nitapita kila nyumba, nitavuka hadi ng'ambo, niwaambie nimekuota. Umesimama mlangoni, mkono kiunoni, unasema atakayeleta kuku kwenye hitma yako, usiku huo huo utakwenda kumtembelea kwake.

Wataamini. Walikuogopa ukiwa hai, sembuse sasa.

Pumzika, mwenzangu. Na wakikuuliza huko, usinikanushe.

Ni mimi, mama yake mtaalamu,
Mama Leokadia