Betri Nilizokuchomolea, Mjomba

Mjomba Omari,

Shikamoo. Usiitikie, utanitisha.

Najua ungekuwapo, mwalimu wa fizikia weye, ungeshaisahihisha barua hii kwa kalamu nyekundu kabla hujajua yasema nini. Ngoja kwanza. Kuna neno sharti nilitoe.

Ile Alhamisi uliyokuwa mgonjwa, ukazungusha redio ikawa kimya, nilikwambia imeharibika. Haikuharibika. Betri nilizichomoa mimi, nikaenda nazo Mtopanga kupigia kaseti yangu. Nawe ulikuwa wangojea kipindi cha wale wataalamu wa Ulaya wanaogonganisha viini vya madini ya risasi, ujue kama kwaki, vile vipande vidogo vilivyofungwa ndani ya kila kitu, wamezipata zimeyeyuka zikawa huru. Jumamosi tukakuzika. Hukusikia.

Juzi redio ikatangaza kwamba jambo hilo litaelezwa tena Alhamisi, saa kumi alasiri. Dukani betri zimekwisha. Nikazianika zile zile juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu, nikizilinda kuliko mama anavyolinda mchele usidonolewe na kuku. Saa kumi nikaketi kitandani pako. Sauti ikaja, ikafifia. Nikazitoa, nikazisugua, nikazirudisha.

Nimeshika haya. Hizo kwaki zikiyeyuka huwa kama uji, na uji huo hakuna aliyeuona kwa macho, hutoweka kabla hujapepesa. Ila kuna chembe za kwaki mbili zilizoshikana, nazo mgonganoni zimetoka chache kuliko walivyotarajia. Nikacheka peke yangu. Si ulinieleza, nami nikakudhihaki? Ukisimama Likoni ukaona watu walioingia feri wameshikana mikono sasa washuka mmoja mmoja, wajua mle ndani palikuwa na msukumano, hata kama hukupanda. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili nilielewa kabla mtangazaji hajamaliza. Andika hiyo.

Akaulizwa mtaalamu: ndizo kwaki huru, au sizo? Akajibu, "Dalili zipo, ila..."

Redio ikakata.

Nimebaki na hiyo "ila", Mjomba. Ningeweza kukwambia wamezipata, kwa uongo hunifikii. Lakini wewe nimeshakudanganya mara moja, yatosha.

Leo betri mpya zimo redioni, na kaseti nimeigawa. Wakisema ndizo, wakisema sizo, nitakuja hapo kaburini nikwambie neno kwa neno, bila kutia chumvi.

Lala, Mjomba. Alhamisi niachie mimi.

Mpwao,
Juma