Majarida Tisini Yasiyokuwapo

Singida Mjini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na kwamba Mama bado anakukataza kushika jembe huko Songea. Mimi ni mzima wa mwili, ingawa upepo wa hapa umenipasua midomo. Kinachonisumbua ni kingine, nacho sina wa kumweleza isipokuwa wewe.

Nilipoajiriwa katika maktaba ya chuo hiki cha uuguzi nilimkuta Bi. Mwanaidi, mtunzaji wa siku nyingi asiye na shahada. Kila jarida la tiba lililofika aliliandika daftarini, toleo baada ya toleo. Wafadhili walipotupatia kompyuta na neno la siri la kusomea majarida tisini mtandaoni, nilitangaza mbele ya wakufunzi kwamba karatasi ni mambo ya zama za ujima.

"Bwana Shahada," akauliza Bi. Mwanaidi, "hayo ya kwenye kioo ni yetu, au tumeazimwa?"

Nilihutubia nusu saa. Swali lake sikulijibu.

Nikayaingiza yote katika katalogi, na kwa kila moja nikaandika: "Lipo, tangu toleo la kwanza hadi sasa." Orodha hiyo nikaichapa na kuituma kwenye zahanati za mkoa mzima. Kisha nikamshawishi Mkuu wa Chuo tuondoe yale ya karatasi, tupate nafasi. Yakaishia sokoni, yakafungiwa karanga.

Mwezi uliopita ruhusa ya wafadhili ilikwisha. Wiki hiyohiyo akafika tabibu kutoka Mitundu, vumbi hadi kwenye kope, akitafuta jarida lenye makala kuhusu kifafa cha mimba. Kompyuta ikakataa.

"Orodha yako inasema lipo."

"Lipo."

"Wapi, mwalimu?"

Aliondoka mikono mitupu. Sijui ni mama gani aliyekuwa akimsubiri huko, na sijathubutu kuuliza.

Tabibu alipolalamika, uongozi wa chuo ulitafuta wa kulaumiwa. Katika soko huria hili vyuo navyo vinapunguza watu, hivyo Bi. Mwanaidi akaachishwa kazi kwa kosa la kupoteza majarida. Mkuu akaniita faragha: "Wewe msomi una safari ndefu. Yule anaondoka hata hivyo. Nyamaza."

Baba, mimi ninayebishana hata na mahubiri, nilinyamaza siku tisa.

Siku ya kumi nilimwandikia Mkuu barua ya kukiri kwamba kosa ni langu, nikaenda kumsomea Bi. Mwanaidi nyumbani kwake. Alisikiliza huku akichagua mchele.

"Umeandika vizuri. Umeshaipeleka?"

"Bado, mama."

"Sasa unanisomea mimi ya nini?"

Nimeipeleka leo asubuhi. Mkuu ameisoma, akanidai funguo na kuniamuru nisubiri kuitwa. Kuhusu Bi. Mwanaidi hakusema neno.

Nisalimie Mama, na dada yangu mwalimu pamoja na wanawe. Msalimie pia Mjomba, mzee wa kanisa, aliyewatangazia waumini kwamba mimi ndiye niliyeleta maktaba ya kisasa Singida. Mwombe awasomee barua hii Jumapili, na jina langu alitaje kamili.

Ni mimi mwanao, ninayekuheshimu,
Festo