Kikombe Alichokunywa Mama Kanisani

Kinama, Bujumbura
Tarehe 14 Agosti 2024

Mpendwa kaka yangu Cirimwami,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Kinama. Je, u mzima? Shemeji Chance na watoto hawajambo? Nimesikia kwamba baridi ya Lusaka ilikuwa kali mwaka huu, na kwamba umenunua koti la sufu kama mzee wa zamani. Ningependa kukuona umelivaa nicheke kidogo, maana siku hizi kicheko kimeadimika humu nyumbani.

Mimi ni mzima wa mwili. Vumbi la Agosti linatukohoza, petroli haipatikani, na kutoka Mutakura ninakoshona narudi kwa miguu kama watu wote. Hayo umezoea kuyasikia. Mama yuko hai, nalisema mapema usije ukaruka mistari ukitafuta habari mbaya. Lakini amekonda sana, na yeye ndiye sababu ya barua hii.

Kwenye simu sikuweza kukueleza. Mama alinikataza: mambo ya Baba hayasemwi kwa simu, tena katika nyumba ambayo jirani akipiga chafya unamwambia pole. Chabani dereva anaanza safari ya kuja huko kesho, basi nimempa barua mkononi. Kaa chini uisome. Nakujua, huwa unasoma umesimama.

Unakumbuka kanisa letu lilivyokuwa ulipoondoka: watu mpaka nje, kwaya mbili, maombi ya alfajiri. Lilipoa. Kwaya ziligombania spika, vijana wakahamia makanisa ya mjini yenye taa za rangi, na wazee wakaanza kukaa kila mmoja na watu wa kilima alikotoka. Jumapili nyingine tulikuwa wachache hata aibu, na nusu yetu hatusalimiani. Mchungaji Vainqueur akasema jambo hili halitengenezwi na kamati. Akatangaza mfungo wa toba, mfungo mkavu, mchana kutwa bila chakula wala maji, na kila jioni tukutane kanisani kutubu kwa sauti mpaka Mungu aturudishie uamsho.

Nikuambie kweli, mwanzoni nilifurahi. Nilimwona kiongozi wa kwaya akipiga magoti mbele ya mwanamke aliyetukanwa naye sokoni Jabe. Na mimi nilitubu wivu wangu, ambao wewe unaujua vizuri. Kufunga kunamnyoosha mtu. Tumbo likishanyamaza unasikia mambo uliyokuwa umeyafunika kwa kelele, na hilo silikatai hata leo.

Desturi ya kikombe unaijua, ila hapa waliitia makali. Siku ya mwisho sufuria ya uji inawekwa mbele, imefunikwa. Wenye neno kati yao wanaitana, wanakunywa kikombe kimoja, halafu sufuria inafunuliwa kwa wote. Kwetu kilimani, aliyekuwa hayuko tayari alisema "bado," akaenda zake nyumbani, akasubiriwa, na wengine wakala. Mchungaji, kwa bidii yake, alisema safari hii hakuna "bado." Hatakula hata mmoja mpaka wa mwisho apatane, kwa sababu mwenye kinyongo mmoja anaweza kuzuia moto wa kanisa zima. Sote tulisema amina. Hata Mama alisema amina, tena kwa sauti.

Jioni hiyo ya mwisho akasimama shemasi Hyacinthe. Ndiyo, mzee Hyacinthe wetu, baba yake Prodige, yule jirani wa kilimani aliyetangulia kukimbia, akatupokea tulipovuka mpaka, aliyetutafutia hiki chumba, aliyekusindikiza hadi kwenye basi ulipokwenda Lusaka. Alikuja mbele bila viatu.

"Mama Cirimwami," akasema, "mi njo nilibaonyesha shimo. Balikuwa bameshika Prodige, bamemuwekea kisu ku shingo. Baliuliza mwalimu iko wapi. Nikanyoosha mukono."

Shimo ni lile la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba ya baba mdogo, ambamo Baba, ndiye huyo mwalimu, alijificha wenye silaha waliposhuka kutafuta wanaume. Miaka yote tulidhani walilikuta kwa bahati mbaya tu. Kumbe aliyewaonyesha amekula kwetu kila Krismasi, na wewe amekuita mwanangu.

Prodige alikuwa kwenye kinanda. Hakujua, kaka, naapa hakujua. Alikuwa mdogo kama mimi, na yote anayokumbuka ni kwamba walimshika kisha wakamwachia. Aliitoa mikono yake kwenye kinanda akaiweka mapajani, na tangu hapo hajapiga tena. Nalisema hili kwa kuwa ni rafiki yako na najua mnaongea. Usimtukane.

Mama alikaa palepale kwenye mkeka wa akina mama, jua likazama, taa ikawashwa, naye hajatikisika. Mchungaji akamsihi. Watu wakaanzisha ule wimbo wa polepole wa kumsukuma mtu. Watoto wakalia njaa. Bibi Concilie, na unajua umri wake, akaanguka, wakampepea kwa kitenge. Hapo macho yote yakamgeukia Mama, na nyuma yangu nikasikia mwanamke akisema, "Batoto ya batu banakufa juu ya mutu moja."

Hebu fikiri. Mjane ameambiwa sasa hivi ni nani aliyemtoa mumewe auawe, na papo hapo yeye ndiye amekuwa mwenye kosa. Nilitamani kuipindua ile sufuria. Sikuthubutu, na jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Mwishowe Mama aliinuka. Alimkaribia Hyacinthe akamwuliza kitu kimoja tu, juu ya saa ile Baba alipotolewa.

"Alisema nini balipomutosha mu shimo?"

"Hakusema kitu. Aliniangalia tu."

Mama akachukua kikombe akanywa, akampa Hyacinthe naye akanywa. Kanisa likalipuka. Watu walilia, wakakumbatiana, vijana waliokuwa wakichungulia dirishani wakaingia na kujitupa chini. Ndio huo uamsho tuliouomba. Jumapili iliyofuata hapakuwa na pa kukanyaga, na habari ya mjane aliyesamehe ikavuma mpaka Jabe. Watu tusiowajua walikuja kumshika Mama mkono na kupiga naye picha.

Hawakujua kwamba usiku ule alipofika nyumbani aliutapika uji wote. Toka siku hiyo chakula kikawa hakipiti. Maji kidogo, chai ya rangi, kijiko cha mchuzi nikimlazimisha. Nilimpeleka zahanati, wakampima malaria, wakamminya tumbo, hawakuona kitu. Jirani yetu Asiya, ambaye ni Mwislamu na kufunga anakujua kuliko sisi, alimletea supu ya samaki akamgombeza: "We mama, hata kwetu mugonjwa hafungi. Nani alikutuma?" Mama akamshukuru, akaiacha supu ipoe.

Mimi aliniambia ukweli nilipokuwa namsuka nywele. Alisema amedanganya mezani pa Mungu. Alikunywa kwa sababu watoto wa watu walikuwa na njaa, lakini moyoni mwake hakuna alichosamehe, hata punje. Wenzake waliingia kwenye mfungo na dhambi zao wakatoka bila hizo. Yeye aliingia bila uongo huo akatoka nao. Kwa hiyo kwake mfungo haujaisha.

Akaenda kwa mchungaji kumwambia kwamba atasimama kanisani auseme uongo huo. Mchungaji Vainqueur si mtu mbaya, nataka nimtendee haki. Alilia. Lakini alimwomba anyamaze. Alisema walevi wameacha pombe, wanaume wamerudi kwa wake zao, vijana wamerudi kwenye maombi, na wote hao wameegemea kikombe kile. Msamaha utakuja wenyewe polepole, akasema, kwa nini kuwavunja moyo wachanga? Mama akarudi nyumbani akalala ameelekea ukutani. Kila nilipomnyanyua kumwosha nilimkuta mwepesi kuliko jana yake. Niliogopa, kaka. Niliogopa kwamba nitakuandikia barua ya aina nyingine.

Jumapili iliyopita akaniambia nimtolee kitenge chake kizuri. Alijishikiza kwangu njia nzima, tukipumzika kwenye kila kibaraza. Wakati wa ushuhuda ulipofika alisimama, na watu wakaanza kupiga makofi kabla hajafungua kinywa.

"Mi nilidanganya," akasema. "Nilikunywa, lakini sikusamehe. Mpaka leo, apana. Muniombee."

Akaketi. Hakuna aliyesema amina. Kiongozi wa kwaya alianzisha wimbo, wachache wakaitikia, ukafa katikati. Tulipotoka nje watu walitupisha njia kama wenye ugonjwa. Kuna aliyesema kwa sauti kwamba Mama ameuzima moto wa watu. Mchungaji amemwomba apumzike kwanza kuongoza akina mama wa maombi, na jana kwenye ibada ya katikati ya juma mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Wale wa picha hawajaonekana tena. Nina hasira, kaka. Tuliambiwa tutubu, aliyetubu kweli ametupwa nje ya mlango, na sijui nitaimbaje tena na watu hawa.

Lakini nikusimulie kilichotokea tulipofika nyumbani Jumapili hiyo. Mama aliomba chakula. Uji alisema hataki hata kuuona. Nikampikia ugali na vile visamaki vya ndagala, akala taratibu, akamaliza sahani, akaniuliza kama umebaki. Nilikwenda jikoni nikalia kwenye moshi.

Juzi jioni akaja Hyacinthe. Hakubisha hodi, alikaa tu nje kwenye jiwe letu la kufulia. Prodige alikuwa amenitangulizia habari kwamba baba yake hajala tangu Jumapili, ameapa hatakula mpaka Mama amsamehe. Nilitaka kumfukuza. Ufagio nilikuwa nao mkononi, na ulimi wangu unaujua. Mama akatoka akishika ukuta, akasimama mbele yake.

"Unanisamehe, Mama?"

"Apana," Mama akasema. "Lakini we kula. Njaa yako isinisukume. Nilishasukumwa."

Akaniagiza nilete sahani. Nilileta, moyo wangu ukikataa, na sikumpa mkononi, niliiweka chini. Mzee alikula huku machozi yanaingia kwenye ugali, na Mama akasimama palepale na miguu yake hiyo dhaifu mpaka akamaliza. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Sasa ni zamu yako, kaka. Mchungaji ameniomba namba yako. Atakupigia, na wazee nao watakupigia, kwa sababu wewe ndiwe kifungua mimba na neno lako juu ya damu ya Baba lina uzito. Watakuomba utamke kwamba umesamehe, ili wakawatangazie watu kanisani na moto uwake tena. Watakuambia kwamba Mama ni mgonjwa. Watakuambia habari za Prodige. Hawatasema uongo, lakini watakuwa na haraka.

Mama ameniagiza niandike maneno haya kama alivyoyasema, na mimi nimeyanyoosha kidogo tu. Usisamehe kwa ajili yake. Usisamehe kwa ajili ya kanisa, wala kwa kuwa kuna watu wanasubiri. Ukisamehe, iwe umesamehe kweli. Na kama hujaweza, waambie hujaweza, kisha ukae na mkeo na wanao ule chakula chako. Anasema Mungu ataweza kusubiri, ni watu tu ndio hawawezi.

Mimi sina la kuongeza. Ningekuwa na nguvu ningekuambia uje, lakini najua kazi yako na najua njia ilivyo. Nipigie tu ukishamaliza kusoma, hata kama hutasema kitu. Nitajua ni wewe.

Nisalimie sana shemeji Chance, umbusu Marguerite mdogo na umwambie bibi yake anamwulizia kila siku. Msalimie pia mjomba Idi na jamaa wote wa kwetu mnaokutana nao huko. Asiya anakusalimia, anasema bado unadaiwa salamu. Mama hasalimii kwa barua, anasema atasalimia kwa mdomo wake mwenyewe akishapata nguvu.

Mungu aliyemwona Baba akitolewa shimoni, na hajatuambia kwa nini, akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo usiosema ambacho haujakisikia.

Ni mimi nduguyo nikupendaye bila kukuficha kitu,

Huguette